Kaka, Bendera B!

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi. Wapo waliodhani nimepata kazi kwenye kitengo cha mawasiliano cha wizara fulani kama wenzangu wengi wa darasa letu (bado sijaitwa, jamani). Ukweli ni mdogo kuliko huo na una aibu zaidi: nilikuwa natafuta dhahabu. Siyo ya Geita wala ya Chunya. Ni dhahabu ya rangi tu, ya kupaka bunduki ambayo haipo, kwenye simu ambayo kioo chake kimepasuka kona.

Ngoja nianze na ile Jumapili.

Ilikuwa saa nne usiku na dakika zake. Nimejilaza chali chumbani kwangu Sinza, feni inapiga kelele kuliko inavyopuliza, nimevaa visikilizio sikio moja (la pili lilikufa siku nyingi). Upande wa pili wa mstari yuko mdogo wangu, Morogoro, nyumbani kwa mama, anakosomea umeme wa magari. Tunacheza Call of Duty: Mobile. Tumekuwa tukicheza Jumapili usiku kwa zaidi ya mwaka, na niseme wazi kwamba ile ndiyo simu yetu ya familia. Tukipigiana kawaida tunaongea dakika mbili: mzima, mzima, mama hajambo, hajambo, haya. Tukiwa kwenye gemu tunaongea saa mbili. Habari za goti la mama, za mpangaji asiyelipa, za binti fulani wa Kihonda ambaye jina lake silitaji, zote nimezipata huku narusha mabomu.

Siku hiyo tulikuwa kwenye Domination. Kwa wasiocheza: timu mbili za watu watano, bendera tatu uwanjani, A, B na C. A iko upande wenu, C iko upande wao, na B iko katikati, ambako kila mtu anafia. Timu inayoshikilia bendera nyingi kwa muda mrefu ndiyo inayokusanya pointi. Idadi ya watu uliowaua haikupi ushindi. Unaweza kuua arobaini na ukafungwa.

"Kaka, bendera B!"

Nilikuwa dirishani, ghorofani, na AK-47. Nilibakiza risasi sita za kichwa ili bunduki yangu igeuke dhahabu. Chini yangu, kwenye bendera B, alisimama adui mmoja akiichukua taratibu, amenipa mgongo. Mgongo mpana kama mlango wa godauni. Kwa risasi nne tano za mgongoni angekuwa amelala na B ingebaki yetu.

"Kaka, B inaondoka hiyo."

Sikutaka mgongo. Nilitaka kichwa. Nikainua mkono kidogo, nikasubiri atulie, akainama, akasogea, nikafyatua nikakosa, akageuka, akajificha. Mdogo wangu akakimbilia pale peke yake, wakamuua. Akarudi, wakamuua tena. B ikaondoka. Katikati ya haya yote alikuwa anaongea, mambo ya gemu na mambo mengine, nami najibu "sawa, sawa" kama karani wa benki saa tisa alasiri.

Tulifungwa kwa pointi chache. Lakini dakika ya mwisho kabisa nilimpata jamaa mmoja katikati ya paji la uso, na hiyo ikawa ya sita. Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, nadhani alifikiri Simba wamefunga. Bunduki ikang'aa.

"Hongera kaka," mdogo wangu akasema. Akatoka.

Jumapili iliyofuata hakuingia. Wala iliyofuata.

Sasa nieleze hii dhahabu ni nini, maana nikimweleza mhariri wangu aliniangalia kama mtu anayesimulia ndoto. Call of Duty: Mobile ilitoka tarehe 1 Oktoba 2019, imetengenezwa na TiMi wa kampuni ya Tencent ya China na kutolewa na Activision wa Marekani. Kuipakua ni bure. Ndani yake kila bunduki ina orodha ya changamoto. Ua maadui kadhaa, unapewa rangi ya kwanza. Ua kwa risasi za kichwa, unapewa nyingine. Ukimaliza orodha yote ya bunduki moja, inakuwa ya dhahabu. Ukizidhahabisha bunduki za kutosha za aina moja kuna rangi ya juu zaidi, na juu ya hiyo ipo inayoitwa Damascus, yenye mistari kama chuma cha panga la kale, ambayo ukiiona mkononi mwa adui unajua huyo bwana hana mchumba.

Sikilizeni sehemu muhimu: hakuna anayelazimishwa. Unaweza kucheza miaka mitano bila kufungua ukurasa wa changamoto hata mara moja. Na rangi haisaidii kitu. AK ya dhahabu inaua sawasawa na AK ya kawaida, haina risasi ya ziada, haikimbii zaidi. Ni pambo.

Na hilo pambo ndilo lililonibadilisha mguu, mkono na jicho.

Nianze na mkono. AK-47 ya kwenye gemu hii ina teke kubwa, mdomo wake unapanda juu kila ukifyatua. Mchezaji wa kawaida analenga kifua na kuivuta chini. Mwindaji wa vichwa analenga shingo na kuiachia ipande yenyewe. Ni ufundi mzuri, sikatai, ila una gharama: ukikosa, risasi zote zinapita juu ya bega, wakati yule wa kifua angekuwa ameshamaliza kazi. Nilianza kufungwa mapambano ya ana kwa ana ambayo zamani nilikuwa nashinda nikiwa nimefumba macho.

Halafu mguu. Zamani nilikuwa mtu wa bendera. Nikisikia B, nakimbia. Ukiwinda vichwa hukimbii, kwa sababu kichwa kinapatikana vizuri dirishani, kwenye kona ndefu, pale ambapo watu wanapita kwa mstari kama abiria wa mwendokasi. Nikawa mtu wa madirisha. Baadaye kidogo nikaacha hata kuchagua aina ya mchezo ninayoipenda, nikawa natafuta viwanja vidogo vyenye msongamano, kama Shipment, ambako hakuna mbinu wala heshima, watu wanarundikana kama soko la Kariakoo wiki ya mwisho ya mfungo. Sikuwa nakwenda kule kwa raha. Nilikwenda kwa sababu vichwa ni vingi.

Zipo changamoto nyingine kwenye mfululizo huu wa Call of Duty, na kila moja inazaa tabia yake. Katika Modern Warfare ya 2019, ile ya kompyuta na PlayStation, kulikuwa na ya kuua bila kifaa chochote cha ziada kwenye bunduki, ya kuua ukiwa umechuchumaa, ya kuua kutoka mbali, ya kuua watatu bila kufa. Mtu mwenye ile ya kuchuchumaa unamtambua hata kwa mgeni: anakutana nawe mlangoni na badala ya kufyatua anakaa chini kwanza, kama mtu aliyeitwa kwenye kikao. Mwenye ile ya watatu bila kufa ni mwoga wa ajabu. Akishaua wawili anajificha nyuma ya kontena mpaka moyo utulie, huku wenzake wanapigana wakiwa pungufu. Hawa wote si wachezaji wabovu. Wengine ni hatari kweli. Ila hawachezi mchezo mnaocheza ninyi. Mko uwanja mmoja, jezi moja, lakini kila mmoja ana mechi yake mfukoni.

Jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 2007, Call of Duty 4 ilipotoka, kulikuwa na changamoto za namna hiyo hiyo: risasi za kichwa zikakupa rangi, na ukimaliza changamoto zote za kundi la bunduki za kushambulia unapewa AK-47 ya dhahabu. Miaka miwili kabla, Microsoft walikuwa wameweka kwenye Xbox 360 alama za mafanikio zinazoonekana na marafiki zako wote. Kwa hiyo kizazi kizima kilizoea kwamba pembeni ya mchezo kuna daftari linaloandika.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Team Fortress 2, ya kampuni ya Valve. Naomba mnivumilie hapa, maana ningekuwa na nafasi ningekiandika kwa kurasa nne.

Kwenye gemu hiyo kuna aina tisa za wapiganaji, na mmoja wao ni daktari. Kazi yake ni kumfuata mwenzake nyuma na kumponya. Ni kazi ya kujitolea, haina sifa, na kama ilivyo kwa kazi zote za namna hiyo, wanaoitaka ni wachache. Valve wakaona wawape watu sababu. Mwezi Aprili 2008 wakaleta mafanikio 36 mapya ya daktari, na ukitimiza kiasi fulani unafunguliwa silaha mpya, tatu kwa jumla. Nia njema kabisa: madaktari waongezeke.

Wakaongezeka! Timu nzima ikawa madaktari. Madaktari wanakimbizana na madaktari kwa bunduki za sindano. Hakuna wa kumponya, kwa sababu hakuna mgonjwa. Na kwa vile baadhi ya mafanikio yalitaka ufanye mambo ya ajabu ya kipekee, watu wakaona kuyatafuta kwenye vita halisi ni kujitesa. Wakafungua seva maalumu ambako maadui wanakubaliana: wewe simama hapa, mimi nikuue hivi, halafu tubadilishane. Vita ya kupangwa, kama mechi iliyouzwa. Watu waliokuwa wamepewa sababu ya kucheza zaidi waliitumia sababu hiyo hiyo kuacha kucheza.

Mwaka uliofuata, Mei 2009, Valve wakajaribu njia nyingine. Wakaweka utaratibu ambao silaha zinadondoka zenyewe kwa bahati kadiri unavyocheza. Unafikiri watu walifanya nini? Waliliacha gemu limewaka wakaenda kulala. Wengine wakatumia programu ya nje ili kompyuta ionekane inacheza. Mwezi Septemba kampuni ikawanyang'anya waliotumia programu hiyo vitu walivyopata, na wale ambao hawakuitumia, ambao ndio walikuwa wengi sana, wakapewa duara la nuru la malaika la kuvaa kichwani. Nalipenda hilo duara. Ni zawadi ya kutofanya kitu.

Na kuna Fortnite ya mwaka 2018, wakati changamoto za wiki zikisema fungua masanduku saba kwenye mtaa fulani. Wiki hiyo wachezaji wengi wanashukia mtaa huo huo. Watu waliokuja kuuana wanakutana juu ya paa moja, kila mmoja ana shida yake na sanduku, na wengine wanaamua kucheza muziki tu pamoja kisha wanaendelea na safari. Kwa hiyo si kwamba changamoto huleta ubinafsi kila mara. Wakati mwingine inaleta amani ya dakika tatu.

Nisije nikaonekana nalaani kila kitu, mimi mwenyewe changamoto zimenifundisha. Nilikuwa na bunduki moja tu, siibadilishi, kama mzee na kiti chake cha kibarazani. Changamoto ya wiki ikanitaka niue kwa bunduki ya rasharasha ya masafa mafupi. Nikaichukua kwa chuki. Siku mbili nikawa nakufa tu. Siku ya tatu nikaelewa kwamba kuna milango na njia za nyuma kwenye ramani ambazo sikuwahi kuziona kwa mwaka mzima, kwa sababu bunduki yangu ya zamani haikuwa na shida nazo. Ramani ilikuwa ile ile, nami nikaiona upya. Hilo ni jema, na asiyelisema anadanganya.

Tofauti ni ipi basi? Nimeifikiria sana, nikiwa kwenye daladala, nikiwa kwenye mikutano na waandishi wa habari ambako hakuna habari. Nadhani ni hivi. Changamoto inayokwambia "jaribu kitu hiki" unaimaliza ukiwa unajua zaidi. Changamoto inayokwambia "hesabu kitu hiki" haikufundishi, inakupa jicho jingine. Ndiyo maana nilisema jicho. Kufikia mwisho wa mwezi sikuwa naona maadui. Nilikuwa naona vichwa. Wenzangu waligeuka kuwa watu wanaoniibia. Kuna mshkaji wa timu yangu aliwahi kunisaidia, akamuua adui aliyekuwa ananijia kwa nyuma, nikakasirika, "kile kilikuwa changu!" Alikuwa ameniokoa maisha.

Chuoni tulisoma kidogo saikolojia, na kuna utafiti mmoja sijausahau. Katika utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walikwenda kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakawachukua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kabla. La pili lilipewa cheti baadaye bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja mbili kalamu zikawekwa tena mezani, mtu achore akitaka. Walioahidiwa cheti walichora muda mfupi kuliko wengine. Waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa hamu. Kilichoharibu ni ahadi iliyotangulia, cheti chenyewe hakikuwa na kosa. Kwenye gemu letu kila kitu ni ahadi iliyotangulia. Kila mechi ikiisha, kabla hata hujajua kama mlishinda, unaangalia ule mstari umejaa kiasi gani.

Na kwa sababu ni hiari, huna wa kumlaumu. Kocha angeniambia "kaa dirishani, waache wenzako wafe bendera B," ningembishia. Changamoto haikuniambia hivyo. Niliingia mwenyewe, nikabonyeza mwenyewe.

Nina mfano mwingine ambao si wa gemu, nao umenikaa kooni. Ofisini kwetu (gazeti silitaji, mshahara bado nauhitaji) kuna kundi la WhatsApp. Kila Jumatatu inawekwa orodha ya habari kumi zilizosomwa zaidi mtandaoni, na wa kwanza anapata vocha ya elfu ishirini. Hakuna aliyelazimishwa kushindana. Hakuna anayefukuzwa kwa kutokuwemo. Mwezi wa kwanza nilicheka. Mwezi wa pili nikaanza kuangalia. Mwezi wa tatu nilikuwa wa tatu.

Kabla ya hapo nilikuwa naandika habari za daraja la miguu lililosombwa na mvua, ambalo watoto wa shule walikuwa wanalitumia kuvuka. Habari ya kwanza ilisomwa. Ya pili ilisomwa kidogo. Ya tatu sikuiandika. Hakuna aliyenikataza! Mwenyekiti wa mtaa ule alinipigia mara tatu, "Mwandishi, ile yetu imefikia wapi?" Nikamwambia naifuatilia. Nilikuwa dirishani nasubiri kichwa. Wiki hiyo niliandika habari ya msanii fulani na gari lake, ikashika namba moja, nikanunua chipsi kuku kwa jasho langu.

Turudi Morogoro.

Jumapili ya tatu bila mdogo wangu, mama alinipigia mwenyewe. Si kawaida yake, mama anaamini simu inamaliza hela hata ikipigwa na mwingine. Tukasalimiana, akaniuliza nimekula nini, nikamuuliza goti. Akasema goti halijambo, ila mkono ndio bado.

"Mkono upi, mama?"

Kimya kidogo. "Si nilianguka bafuni. Ndugu yako hakukwambia? Alisema amekwambia, nawe umesema sawa."

Alikuwa ameteguka kifundo, wakamfunga bandeji, akakaa wiki mbili hawezi kushika sufuria. Mdogo wangu alikuwa anapika, anafua, halafu anakwenda chuo. Nilipokata simu nilikaa kitandani nikijaribu kukumbuka, na nikakumbuka. Si maneno, sauti tu. Dirishani, kati ya kichwa cha tatu na cha nne, kuna sauti iliyosema "mama" na "bafuni," nami nikasema "sawa, sawa," kwa sababu jamaa alikuwa anatokea kwenye kona.

Nilimpigia. Hakupokea. Nikampigia tena kesho yake, akapokea, yuko gereji, makelele.

"Mbona hukunirudia kunieleza?"

"Nilikueleza, kaka."

"Ungenipigia basi, au ungeniandikia ujumbe."

"Nilikueleza," akasema tena, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Nikaona umesema sawa. Nikajua uko bize na dhahabu yako."

Nikamwomba radhi. Tanzania mkubwa kumwomba radhi mdogo ni kazi, maneno yanatoka kama jino. Akasema, "Haina neno, bro," kwa sauti ya mtu ambaye neno lipo. Ijumaa hiyo nikapanda basi, nikaenda, nikaosha vyombo siku mbili mbele ya mama aliyekuwa anacheka kwamba nasugua sufuria kama naogopa kuiumiza. Mdogo wangu alikuwa anaingia na kutoka. Jumamosi usiku akakaa upande wa pili wa kochi, akatoa simu yake, akaniuliza bila kuniangalia kama nina bando.

Nikaitoa ile AK kwenye orodha yangu, nikachukua bunduki ya kawaida ambayo haijapakwa hata rangi ya kwanza. Domination. Mechi ikaanza, nikakimbia moja kwa moja katikati kama zamani, nikajilaza kwenye bendera B, risasi zinapita huku na huku. Wakanijia watatu.

"Dogo, njoo B!"

Kimya.

"Dogo, B hiyo, wako watatu!"

Yuko hatua mbili kutoka nilipokaa, goti lake linakaribia kugusa langu. Nikageuka kumtazama. Amekodoa macho, ulimi umetoka nje kidogo kama alivyokuwa anafanya akiwa darasa la pili anaandika insha. Kwenye kioo chake yuko ghorofani, dirishani, na bunduki ya mdunguaji.

"Subiri kaka," akasema. "Usiwaue wote. Nimebakiza viwili."

Mama akauliza kutoka chumbani tunacheka nini usiku wote ule. Mimi nilikuwa nimeshakufa, nahesabu sekunde nirudi uwanjani, na B ilikuwa inaondoka.